Kadi Zirudishazo Fedha: Familia ya Kiislamu Ipime Nini Kabla ya Kuzipokea?

Miongoni mwa matangazo yanayowafikia wakazi wa mijini siku hizi, limo lile la kadi ya benki inayoahidi kumrudishia mtumiaji sehemu ya fedha zake kila anapofanya manunuzi. Nunua mchele, urudishiwe kidogo. Jaza mafuta ya gari, urudishiwe kidogo. Lipia umeme, urudishiwe kidogo. Kwa familia ambayo kila mwezi hupigana kuifikia tarehe 30 bila kukopa, ahadi hiyo ina utamu wake. Ni nani asiyependa kurudishiwa chochote katika fedha ambazo angezitumia vyovyote iwavyo?

Tumeona vyema katika kurasa hizi za familia kulitazama jambo hili kwa pande zake mbili, upande wa hesabu na upande wa sheria ya dini yetu. Wasomaji wetu hawako mahali pamoja. Wapo walioko Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, ambako kadi ya mkopo bado ni ya wachache. Na wapo ndugu na watoto wao walioko Muscat, London au Columbus, Ohio, ambako kadi hizo hunadiwa kila kona. Wote wanahusika. Tunalokusudia kulisema ni moja: zawadi ya kadi hupimwa baada ya kusomwa mkataba wake na baada ya kujulikana matumizi ya nyumba. Anayeanza na zawadi ameanza mwisho.

Fedha hizo hutoka wapi?

Mtindo huu si mpya. Nchini Marekani, kadi iitwayo Discover iliingia sokoni mwaka 1986 ikiwa na ahadi ya kumrudishia mtumiaji sehemu ya fedha alizotumia, na kampuni nyingine zikafuata mkondo huo. Tangu hapo swali limebaki lile lile: benki hupata wapi fedha za kugawa?

Chemchemi ya kwanza ni muuza duka. Mteja anapolipa 100 kwa kadi ya mkopo, mwenye duka hapokei 100 kamili. Hukatwa kamisheni, ambayo Marekani mara nyingi hufika 2 katika kila 100 au huzidi hapo, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Katika fungu hilo ndimo mteja anamorudishiwa 1 au 2. Ushahidi wake uko Ulaya. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo: benki iliyotoa kadi isichukue zaidi ya 0.3 katika kila 100 kwa kadi za mkopo, na 0.2 kwa kadi zinazokata fedha za mteja mwenyewe. Ndiyo maana zawadi za kadi katika nchi hizo ni nyembamba zikilinganishwa na za Marekani. Kisima kikiwa kifupi, ndoo haijai.

Chemchemi ya pili ni riba na faini za kuchelewa. Kadi ya mkopo humpa mtumiaji muda wa kulipa bila nyongeza. Muda huo ukipita, deni lililobaki huanza kuzaa. Nchini Marekani katika miaka ya karibuni kiwango cha riba ya kadi hizo kimepita asilimia 20 kwa mwaka. Anayerudishiwa 2 kwa mkono wa kulia huku akitozwa zaidi ya 20 kwa mkono wa kushoto hajapewa zawadi.

Chemchemi ya tatu haionekani kwa urahisi, nayo ndiyo inayopaswa kumgusa Mwislamu zaidi. Mwenye duka hakubali kubeba hasara ya kamisheni peke yake. Huipandishia bei ya bidhaa, na bei hiyo huwa moja kwa mwenye kadi na kwa anayelipa fedha taslimu. Mwaka 2010 wachumi wa Benki ya Akiba ya Shirikisho ya Boston walikadiria kwamba kwa utaratibu huo, kaya ya Marekani inayolipa taslimu hutoa kwa wastani dola 149 kwa mwaka, ilhali kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Wanaolipa taslimu kwa kawaida ni wenye kipato cha chini. Hivyo sehemu ya zawadi anayoifurahia mwenye kadi imetoka mfukoni mwa jirani yake fukara, na wala jirani huyo hajui.

Mkataba kwanza, zawadi baadaye

Wanazuoni wa zama hizi hawakulinyamazia suala la kadi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwaka 2000, ilitoa azimio namba 108 kuhusu kadi za mkopo zisizokuwa na fedha za mteja nyuma yake. Azimio hilo lilieleza kwamba haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya namna hiyo ikiwa mkataba wake una sharti la nyongeza ya riba, hata kama anayeichukua amenuia kulipa ndani ya muda usio na nyongeza. Sababu yake iko wazi. Anayetia saini amelikubali sharti la riba, ingawa anatumaini halitamfika.

Azimio hilo hilo halikufunga kila mlango. Liliruhusu kadi isiyo na sharti la riba. Liliruhusu benki itoze ada maalumu ya kutoa kadi au kuihuisha, ikiwa ni ujira wa huduma inayotolewa. Liliruhusu pia benki ichukue kamisheni kwa mwenye duka, mradi bei ya anayelipa kwa kadi iwe sawa na ya anayelipa taslimu. Ama kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, hilo lilihesabiwa kuwa ni kukopa: ada isiyobadilika kwa ajili ya huduma haina ubaya, lakini ada inayopanda kulingana na kiasi kilichokopwa au urefu wa muda ni riba. Kununua dhahabu na fedha kwa kadi ya aina hiyo nako kulikatazwa. Na hili akina mama wanaonunua vito vya harusi wanapaswa kulijua.

Viwango vya sharia vya AAOIFI, taasisi yenye makao yake Bahrain inayofuatwa na benki nyingi za Kiislamu, vinakwenda njia hiyo hiyo. Tukivifuata, kadi zinagawanyika mafungu matatu. La kwanza ni kadi inayokata fedha ulizokwisha kuziweka benki, nayo asili yake ni halali. La pili ni kadi ya kulipa deni lote mwishoni mwa kipindi bila nyongeza. Hiyo inaruhusiwa kwa masharti, likiwemo la kutokuwa na riba akichelewa mtu. La tatu ni kadi ya mkopo unaolipwa kidogo kidogo huku ukizaa riba, nayo hairuhusiwi. Katika nchi za Ghuba, benki za Kiislamu zimebuni kadi zinazotoza ada maalumu ya huduma badala ya riba; na juu ya baadhi ya miundo hiyo wanazuoni bado wanajadiliana.

Je, fedha zenyewe za kurudishiwa zina hukumu gani? Hapa pana ufafanuzi mzuri ambao wengi hawajausikia. Kanuni inayojulikana ni kwamba mkopeshaji hapokei manufaa yaliyoshurutishwa kutokana na mkopo wake. Katika kadi ya mkopo, benki ndiyo mkopeshaji na mteja ndiye mkopaji. Benki ikimpa mteja kitu, ni mkopeshaji anayempa mkopaji, jambo lililo kinyume cha riba. Kwa hiyo wanazuoni wengi waliolitazama wameiona zawadi yenyewe kuwa ni hiba au punguzo la bei, na tatizo wameliweka katika sharti la riba lililomo ndani ya mkataba. Kwa kadi inayokata fedha zako, sura inageuka: fedha zilizo katika akaunti ya kawaida huhesabiwa kuwa ni mkopo wako kwa benki, na wapo waliohofia zawadi ya benki isije ikawa malipo ya mkopo huo. Wengine wamejibu kwamba zawadi haifungwi na kiasi kilicholala benki, bali na matumizi ya kadi, na hutoka katika kamisheni ya mwenye duka. Hivyo haina ubaya. Msomaji mwenye kadi ya namna hii na aulizie kwa sheikh anayemwamini, amwoneshe na karatasi ya masharti. Kuulizia bila mkataba mkononi ni sawa na kumpelekea tabibu jina la mgonjwa bila mgonjwa.

Wapo pia wanazuoni waliowaruhusu Waislamu wanaoishi katika nchi zisizo na njia mbadala waitumie kadi ya kawaida kwa haja ya kweli, kwa sharti la kulipa deni lote kabla ya muda kwisha. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa ajili ya haja. Kutafuta dola chache za zawadi si haja.

Daftari la nyumba kabla ya kadi

Tukishavuka mlango wa sheria, tunaingia katika hesabu. Kadi hizi zimetengenezwa kwa aina tofauti za watumiaji: ipo irudishayo kiwango kimoja kwa kila kitu, ipo irudishayo zaidi kwa chakula au mafuta ya gari, na ipo inayobadilisha mafungu kila baada ya miezi mitatu. Haiwezekani kujua ipi inafaa bila kujua nyumba yako hutumia nini na hulipa vipi. Tunashauri familia iandike matumizi yake yote kwa miezi miwili au mitatu, kisha mbele ya kila fungu iandike namna ya malipo: taslimu, simu au kadi.

Tuchukue mfano wa familia ya Dar es Salaam inayotumia shilingi 900,000 kwa mwezi. Sokoni na gengeni huenda 350,000, nauli 120,000, umeme, maji na gesi 110,000, supamaketi 150,000, simu na intaneti 40,000, na mengineyo, yakiwemo madrasa, dawa na michango ya harusi na misiba, 130,000. Muuza mchicha hana mashine ya kadi, wala kondakta wa daladala. Umeme na maji hulipiwa kwa simu. Kwa hiyo katika 900,000 zote, zinazoweza kupita katika kadi ni zile 150,000 za supamaketi. Kadi ikirudisha 1 katika kila 100, familia itapata 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ikiwa ada ya kadi kwa mwaka ni 30,000, familia imepoteza 12,000. Na ili kuziba pengo hilo kwa zawadi hiyo hiyo, italazimika kupitisha manunuzi mengine ya 1,200,000. Hapo ndipo kadi inapoanza kumtuma mwenyewe.

Familia hiyo hiyo ikinunua gunia la mchele la kilo 50 kwa bei iliyopungua shilingi 100 tu kwa kilo, imeokoa 5,000 kwa safari moja, zaidi ya zawadi ya kadi ya miezi mitatu. Hatusemi haya kuibeza kadi. Tunasema kila mahali pana njia yake ya kubana matumizi, na kwa nyumba nyingi za kwetu njia hiyo ingali sokoni.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani hesabu ni nyingine, maana huko karibu kila kitu hulipiwa kwa kadi. Tuseme familia hutumia dola 600 kwa chakula, 200 kwa mafuta ya gari na 900 kwa mengineyo, jumla 1,700 kwa mwezi. Kadi ya kwanza inarudisha asilimia 1.5 kwa kila kitu bila ada: hiyo ni dola 25.50 kwa mwezi, au 306 kwa mwaka. Kadi ya pili inarudisha 3 kwa chakula, 2 kwa mafuta na 1 kwa mengineyo: ni dola 18, 4 na 9, jumla 31 kwa mwezi, au 372 kwa mwaka. Ya pili inaonekana bora. Lakini ikiwa ina ada ya dola 95, kinachobaki ni 277, na ile ya kwanza isiyo na makeke imeshinda.

Sasa tuangalie upande wa pili. Familia hiyo ikishindwa kulipa deni la mwezi mmoja tu, zile dola 1,700, na deni likakaa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 22, itatozwa dola 374. Zawadi ya mwaka mzima ya kadi ya pili, kabla hata ya ada, ni 372. Mwezi mmoja wa kuteleza umekula miezi 12 ya uangalifu. Hiyo ni hesabu ya dunia tu. Hesabu ya Akhera hatuna mizani ya kuipimia.

Tusidhani kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuko mbali na mtego huu kwa kuwa hatuna kadi. Kadi ya mkopo ya wengi wetu imo ndani ya simu. Kenya ilianza huduma ya Fuliza mwaka 2019, na Tanzania iko Songesha: salio likipungua, muamala hukamilishwa kwa mkopo, kisha ada hufuata. Jina linaloandikwa ni ada, si riba. Lakini fiqhi hutazama maana ya muamala kabla ya jina lake, na nyongeza inayokua kadiri siku za deni zinavyopita inastahili kuulizwa kwa makini. Njia nyingine zipo. Amana Bank ilianza kazi Tanzania mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, Gulf African Bank ilitangulia Kenya mwaka 2008, na baadhi ya benki za kawaida zimefungua madirisha ya Kiislamu. Kadi inayokata fedha zako mwenyewe hupatikana huko bila mkataba wa riba.

Mkono usiohisi

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika jedwali la viwango. Anayetoa noti mfukoni huiona ikiondoka. Anayegusisha kadi kwenye mashine haoni kitu. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha utafiti ambamo watu walishindania kununua tiketi za mchezo, wengine wakiambiwa watalipa taslimu na wengine kwa kadi ya mkopo. Waliolipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa zaidi, na katika baadhi ya majaribio walifika mara mbili.

Faida ya asilimia 2 hufutwa na ongezeko dogo sana la matumizi. Familia ya dola 1,700 ikipandisha matumizi yake kufika 1,735 kwa vitu isivyovihitaji, dola 34 za zawadi ya asilimia 2 zimekwisha. Hili hudhihiri zaidi Ramadhani na kuelekea Idi, wakati ofa huwa nyingi na nyoyo huwa laini. Kipimo chepesi ni hiki: kama usingekinunua kitu hicho kwa fedha taslimu na bila zawadi, usikinunue kwa kadi.

Mume na mke mezani

Kadi huingia ndani ya nyumba kwa jina la mtu mmoja, lakini deni lake hulala na wote. Mume ndiye aliyebebeshwa matumizi ya familia, na mke ana haki ya mali yake. Ila hakuna anayenufaika na siri. Kadi ya nyongeza anayopewa mke au kijana wa chuo humfunga mwenye kadi kuu kwa kila senti. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, wawili hao wakae pamoja na waipate kwa maandishi majibu ya benki kwa maswali haya.

Kwanza, je, mkataba una sharti la riba au nyongeza ya kuchelewa, na ikiwa ipo faini, huenda wapi? Pili, ada ya mwaka ni kiasi gani, na je, hubadilika baada ya mwaka wa kwanza? Tatu, zawadi ina kikomo kwa mwezi, na ni manunuzi gani hayahesabiwi? Nne, hulipwa kama fedha, au kama pointi zinazokufa baada ya muda? Tano, manunuzi ya nje ya nchi hutozwa nini cha ziada? Sita, kufunga kadi kunahitaji nini? Benki isiyokuwa tayari kuyajibu hayo kwa maandishi imekwisha kujibu.

Uzito wa deni katika dini yetu si jambo la kukumbushana kwa mapambo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu deni na kuliandika. Imepokewa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni ndani ya swala yake, na akaeleza kwamba mdaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja. Anapofariki mtu, deni lake hulipwa kwanza, ndipo wasia na mirathi vifuate. Mjane na mayatima wanaweza kukuta kwamba kilichoachwa kimekwisha kuchukuliwa na taarifa ya benki ambayo hawakuwahi kuiona. Deni lolote la kadi liandikwe katika daftari la wasia, na mwenzi ajue lilipo.

Aliyejiridhisha na hukumu, akayajua matumizi yake, na akapata kadi isiyo na riba inayomrudishia kidogo katika kile ambacho angekinunua hata hivyo, hatuna sababu ya kumzuia. Na akiwa katika nchi ambayo zawadi hiyo kwa sehemu imetoka kwa wanaolipa taslimu, basi aikusanye mwisho wa mwaka na akumbuke kuwapa wenye kipato kidogo walio jirani naye. Ama ambaye kadi inayopatikana kwake ni ile ya riba tu, aiache bila majuto. Kilo moja ya sukari isiyokuwa na zawadi ni nyepesi kuibeba siku ya hesabu.

Wallahu aalam.